Risasi za Safu ya Tatu

Mmoja wenu ameniandikia kwamba mimi ni mchawi, kwa kumwacha dada yangu Leona na kidole kwenye triga siku saba nzima. Mwingine kaniuliza kama nina moyo. Lawama nimezipokea zote. Sasa tulieni niwaambie.

Mnakumbuka tulikuwa kwenye ukumbi wa shabaha wa klabu yetu hapa Marklow, Jumamosi asubuhi. Rivolva ya Leona, ile ndogo ya kalibre thelathini na mbili, ilitoa "tsk" badala ya mlio. Yeye alidhani ni fataki mbovu tu, kile kiwashio kidogo cha kwenye kitako cha ganda, akakaza mkono apige ya pili.

"Leona, acha!"

Hakusikia. Alikuwa amevaa vikinga masikio kama sisi sote, na nyundo ya rivolva ilishaanza kurudi nyuma.

Niliruka. Nikaingiza kidole gumba changu kati ya nyundo na mwili wa bastola, na nyundo ikashukia nyama yangu. Niliona nyota saa nne asubuhi.

"Verna! Una wazimu wewe?"

"Niachie hicho kitu. Usibonyeze chochote. Niachie!"

Aliniachia. Nilifungua silinda, nikatoa risasi zote tano, nikachukua ufito wa shaba na kuusukuma mtutuni kutokea mdomoni. Ukaingia kidogo, ukagota.

"Kuna nini humo?" aliuliza, sasa sauti imepungua.

"Kichwa cha risasi. Ganda lilikuwa na fataki lakini halikuwa na baruti. Fataki imekisukuma hadi katikati ya mtutu, nguvu ikaisha. Ungepiga risasi nzima nyuma yake, hii bastola ingekupasukia usoni."

Leona aligeuka polepole, akatazama benchi la nyuma, alipokaa mume wake.

Regis Petrak ana miaka sabini na mmoja. Kwa miaka arobaini amejaza risasi kwa mkono wake kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, yaani huyatia maganda yaliyokwisha kutumika fataki, baruti na kichwa kipya. Katika klabu yetu hakuna anayepiga risasi iliyojazwa na mtu mwingine. Hata rafiki yako wa kanisani akikupa, unashukuru na unaiweka kabatini. Kuna ruhusa moja tu isiyoandikwa, ya mke na mume.

"Regis," Leona alisema. "Umenifanyia nini?"

Mzee alisimama.

"Ni kosa langu," alisema.

Basi. Hakuuliza kama mkewe kaumia, wala hakuja kuitazama bastola. Alichukua kofia yake akatoka nje, na ukumbi mzima ukamsindikiza kwa macho. Mimi ni fundi bunduki, nimeona ajali nyingi na nimeona waongo wengi zaidi. Nikasema moyoni, hapa kuna jambo.

* * *

Karakana yangu iko kwenye mtaa wao, bustani zetu zimepakana. Nililiweka boksi la risasi mezani, Leona akasimama mlangoni na koti lake, akakataa kukaa.

"Zipime kwenye mizani, tujue moja."

"Kupima risasi nzima hakusaidii, dada. Baruti ya kalibre hii ni punje chache tu. Ganda moja likiwa zito kuliko jingine, mizani inadanganya. Lazima nizifungue."

Nikazifungua. Unaiweka risasi kichwa chini ndani ya nyundo ya plastiki, unagonga, kichwa kinachomoka na baruti inabaki kwenye kikombe. Nne zilizobaki kwenye silinda, na ishirini na nne za kwenye boksi. Kila moja niliimwaga kwenye mizani peke yake, na kila ganda nikalirudisha kwenye tundu lake, maana Regis hupanga boksi kama alivyopanga kibao chake cha kujazia, safu tano za kumi kumi. Safu mbili za kwanza Leona alishazipiga wiki iliyopita, salama salimini.

Kwenye silinda, mbili zilikuwa tupu kama ile ya kwanza.

Kwenye boksi, mbili zilikuwa na kipimo mara mbili.

Zilizobaki zote zilikuwa sawasawa kabisa, kazi safi ya Regis ninayoijua.

"Mara mbili maana yake nini?" Leona aliuliza.

Nilijifanya nafuta mizani.

"Verna. Mimi ni dada yako."

"Maana yake silinda ingepasuka hata kama mtutu ungekuwa wazi."

"Na tupu inaziba mtutu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo moja inaziba na nyingine inalipua."

Niwaambieni ukweli, mtu akitaka kuua kwa rivolva bila kuigusa rivolva yenyewe, angefanya hivi hivi.

"Ajali!" Leona alicheka, kicheko kikavu kile. "Mwanamume anayekunja soksi zake kwa rula! Miaka arobaini hajakosea hata punje, leo akosee mara tano kwenye boksi moja, na boksi lenyewe langu?"

"Mna ugomvi?"

"Hatuna ugomvi. Afadhali tungekuwa nao! Hasemi kitu. Tangu Krismasi amefunga chumba cha chini kwa ufunguo. Akipigiwa simu anakimbilia gereji. Na kila Jumanne ya pili anakwenda mji wa Dubois, eti kwa kinyozi. Verna, umemtazama nywele?"

Nilikuwa nimemtazama. Zilikuwa zimefika kwenye kola.

"Nakupa mpaka saa nane," alisema. "Wewe ndiye fundi. Ukiniletea sababu nitakayoielewa, nitakusikiliza. Saa nane ikifika huna, nakwenda kwa polisi wa jimbo na boksi hili, kisha sirudi nyumba ile. Begi langu liko kwenye gari."

Nilitazama saa. Ilikuwa sita na dakika kumi.

* * *

Regis alinifungulia mlango wa chumba cha chini. Nilishuka nikiwa na boksi mkononi na kitambaa chenye damu kwenye kidole gumba.

Nilianza ukaguzi kama polisi. Kopo la baruti mezani lilikuwa moja tu, na lilikuwa sahihi. Kifaa cha kupimia, ambacho kila ukivuta mpini kinamwaga kipimo kimoja cha baruti, kimesafishwa. Mizani imesimama kwenye sifuri. Hakuna kitu kilichokaa vibaya, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

"Shemeji, unatafuta nini?" aliuliza.

"Natafuta kwa nini dada yangu alikaribia kufa. Boksi hili ulilijaza lini?"

"Lebo ipo."

"Nisomee."

Alilipokea boksi. Akaligeuza. Akalisogeza pembeni ya uso, karibu na sikio, kama kuku anayechungulia punje.

"Tarehe nane Machi."

"Imeandikwa sita, Regis. Na umeiandika wewe, kwa kalamu nene, tarakimu kubwa kama dirisha."

Alirudisha boksi mezani.

"Nitazame," nilimwambia. "Unaniona?"

"Naona masikio yako," alisema. "Pua sijaiona tangu Krismasi."

Nilikaa kwenye ndoo. Sikuwa na pengine pa kukaa.

"Kuna doa katikati," alisema. "Macho yote mawili. Pembeni naona. Huko Dubois wananichoma sindano. Za jichoni, shemeji, usiniulize zikoje."

"Kwa hiyo huyo ndiye kinyozi?"

"Ndiye kinyozi."

"Na Leona hajui!"

"Akijua atachukua ufunguo wa gari. Kisha atachukua ufunguo wa chumba hiki. Kisha nikae jikoni nimenye viazi vya kujazia vile vitumbua vyake vya pierogi mpaka nife?"

Damu ilinichemka. "Bora umenye viazi! Unampa mkeo risasi ulizojaza kwa kupapasa?"

"Sipapasi!" Alipiga meza kwa kiganja. Ndiyo mara ya kwanza kumwona Regis akikasirika. "Mimi nahesabu. Nimehesabu miaka yote, hata nilipokuwa na macho ya mwewe. Kila ganda nasema namba yake kwa sauti. Nikiitwa, naandika kwenye kibao cha chaki ni ganda la ngapi, na naweka kijiti kwenye safu niliyofika. Ndiyo maana nimekubali kosa, kwa sababu sijui limeingiaje. Nimeshindwa kulala kwa kulitafuta tangu... tangu asubuhi ile."

"Asubuhi ipi? Ni leo."

"Basi tangu leo. Leo imekuwa ndefu."

Ningecheka, siku nyingine. Siku hiyo nilimtilia shaka hata ulimi wake ulipoteleza.

"Nionyeshe," nilisema. "Bila baruti. Chukua kibao chako, jaza hewa."

Alikivuta kibao chenye matundu hamsini. Akashika mpini wa kifaa kwa mkono wake wa kushoto, maana Regis ni wa kushoto tangu kuzaliwa. Akaanza.

"Moja. Mbili. Tatu."

Nilimtazama na nywele zikanisimama. Alikuwa anaanzia kulia, anakuja kushoto.

"Unaanza huku siku zote?"

"Nianze wapi tena? Nikianzia kushoto mkono wangu unanizibia matundu."

Nikafungua boksi. Safu ya tatu, nilikuwa nimerudisha kila ganda mahali pake. Matatu ya kwanza upande wa kushoto, matupu. Manne ya katikati, sawa. Mawili yaliyofuata, upande wa kulia, kipimo mara mbili.

"Regis, siku ile ulipokuwa safu ya tatu, uliitwa?"

Alifikiri. "Simu. Ya daktari. Nilipanda gereji asinisikie."

"Uliacha wapi?"

"Niliandika tatu."

"Uliporudi?"

"Nilikuta..." Alisita. "Nilikuta kibao cha chaki kimefutwa na kijiti kiko safu ya nne. Nikajua nimeimaliza safu nikasahau. Nilikaa hapa nikasema, haya, macho yameshaondoka, sasa na akili inafungasha. Nikaendelea na ya nne. Nikamulika tochi kukagua baruti kama kawaida, lakini shemeji, nikimulika tochi mimi naona ukingo wa ganda tu. Chini kabisa kuna lile doa."

"Mtu aliingia humu," nilisema. "Akaona tatu, akajua matatu ya kwanza tayari. Lakini mtu huyo anatumia mkono wa kulia. Akahesabu matatu kutoka kushoto, akayaruka, akamalizia mengine yote mpaka mwisho. Aliyaruka matupu, akayajaza tena uliyokwisha kujaza. Nani ana ufunguo?"

"Nilikimbia na simu, niliuacha mlango wazi."

"Nani alikuwa nyumbani?"

Niliona uso wake ukibadilika, na nikajua kwamba jibu analo.

"Acha iwe mimi, shemeji," alisema taratibu.

"Saa nane anakwenda polisi!"

"Aende. Nitawaambia macho. Wataninyang'anya kila kitu, sawa. Lakini akijua ni mkono wake mwenyewe, hatashika rivolva tena maisha yake. Na hicho ndicho kitu anachokipenda kuliko vyote duniani, baada yangu."

"Baada yako? Leo asubuhi sina hakika na hiyo nafasi."

Alitabasamu kidogo. Mimi nilikuwa nimeshafika ngazi ya tatu.

* * *

Saa nane kasorobo. Leona alikuwa amekaa kwenye karakana yangu, koti limefungwa vifungo vyote, ufunguo wa gari mkononi.

"Sababu unayo?"

Nilimpangia mbele yake maganda matupu kumi, safu moja, nikampa penseli.

"Matatu yamejazwa tayari. Malizia safu."

"Michezo gani hii?"

"Malizia, dada. Kwa penseli tu, gusa."

Aliguna. Akaanza kuhesabu kwa ncha ya penseli kutoka kushoto, moja, mbili, tatu. Akaruka hayo. Akagusa la nne, la tano, la sita.

"Regis anaanzia kulia," nilisema.

Penseli ilisimama juu ya ganda la nane. Nilimwona akitazama mkono wake wa kulia, kisha boksi lililokuwa wazi pembeni, kisha tena mkono wake. Rangi ilimtoka.

"Ijumaa ile," alisema. "Ijumaa ya samaki. Tulikuwa tunachelewa samaki wanaouzwa kanisani, unajua Kwaresima usipofika saa kumi na moja unakuta wamebaki na kabichi tupu. Nikashuka kumwita. Hayupo. Yuko gereji ananong'ona na simu kama ana hawara. Nikaona imeandikwa tatu. Nikasema ngoja nimmalizie safu, asipate kisingizio. Mara mia nimemwona akivuta ule mpini."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilikuwa nimekasirika! Nilimaliza, nikafuta chaki, nikasogeza kijiti safu ya nne, nikapanda juu nikapiga honi." Aliweka penseli mezani kwa uangalifu, kama kitu cha kuvunjika. "Miaka arobaini na minne, Verna. Sijawahi kutazama anaanzia wapi."

Nilitaka kumshika bega. Hakunipa nafasi, alishaanza kufungua vifungo vya koti.

"Nimemfanya aonekane muuaji mbele ya klabu nzima. Na yeye akasema kosa lake. Kwa nini alisema kosa lake?"

"Hilo atakwambia mwenyewe. Muulize habari za kinyozi."

"Nipe simu."

Alipiga. Wakati inaita, nilianza kukusanya maganda yangu kwa furaha, nakiri, nikijisifu moyoni kwamba nimeokoa ndoa kabla ya chakula cha mchana. Nikafika kwenye boksi. Safu ya tatu. Nikahesabu kwa kidole, kwa mazoea tu.

Matupu matatu. Kama Leona aliyaruka matatu, basi yaliyojazwa mara mbili lazima nayo yawe matatu.

Nilikuwa nayo mawili.

Tundu la kumi, la mwisho upande wa kulia, halikuwa na kitu. Asubuhi yote nilikagua zilizokuwepo. Isiyokuwepo sikuihesabu.

"Leona, asubuhi ulichukua risasi ngapi?"

"Tano. Tunapiga tano tano, kwani hujui?" Simu bado ilikuwa sikioni. "Hapokei."

"Kutoka wapi?"

"Kushoto. Nimezifuata kwa mpangilio."

"Basi ya kumi kachukua nani?"

Aliishusha simu. "Regis. Jumapili. Alichukua moja akaitia kwenye bastola yake kuukuu ya bandani, ya kalibre hii hii. Kuna kile kinyama kinene kimerudi kuchimba chini ya banda, na alisema..."

Regis alikuwa amechukua ya kwanza. Ya kwanza kwake yeye ni ya kumi kwetu.

Tulifika dirishani pamoja. Ng'ambo ya uzio, kwenye bustani yenye theluji inayoyeyuka, Regis alikuwa amepiga goti moja mbele ya banda. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, bastola ameisogeza karibu kabisa na uso apate kulenga kwa pembe ya jicho. Mzee alikuwa anafanya kazi ya kupitisha muda, akisubiri polisi waje kumchukua, wala hakukumbuka risasi ile ya Jumapili aliitoa tundu gani.

"Regis!" Leona aligonga kioo kwa ngumi zote mbili. "Regis, usipige!"

Alikuwa amevaa vikinga masikio. Alivivaa vizuri, kama anavyofanya kila kitu.

Leona alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Nilimfuata. Alikuwa amefika kwenye uzio, mguu mmoja umeshapita juu, tuliposikia mlio.

Haukuwa mlio wa bastola ndogo.

Leona alibaki pale pale juu ya uzio, ameshika ubao kwa mikono miwili.

"Nimemuua mume wangu," alisema. "Verna, nimemuua mimi."

Moshi ulikuwa unapanda mbele ya banda, na Regis hakuwa amepiga goti tena.